Enstilar na Daivobet: Viambata Vilevile, Nguvu Tofauti

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo ninazungumza na mtu mzima mwenye soriasisi ya mabaka mazito yenye magamba, yale yanayopenda viwiko, magoti na kichwa. Swali ni hili: kati ya marhamu ya Daivobet na povu la Enstilar, zote za LEO Pharma ya Denmark, ipi inafaa zaidi?

Kila gramu ya dawa hizi ina mikrogramu 50 za kalsipotrioli, ambayo ni jamii ya vitamini D na hupunguza kasi ya seli za ngozi kuzaliana, pamoja na miligramu 0.5 ya betamethasoni, steroidi inayotuliza uvimbe na muwasho. Hata hivyo, katika majaribio povu limeonekana kufanya kazi vizuri zaidi, kwa sababu gesi yake huyeyuka hewani mara linapotua kwenye ngozi, ikaacha dawa iliyokolea kuliko inavyowezekana ndani ya marhamu, na hivyo nyingi zaidi hupenya. Kwa mabaka mazito ningechagua povu bila kusita.

Nawasihi msijitengenezee mchanganyiko wenu. Kalsipotrioli huharibiwa na asidi, kwa hiyo ukiipaka pamoja na marhamu ya asidi ya salisili, ambayo ni rahisi kuipata madukani, umeipotezea nguvu hapohapo.

Povu hupakwa mara moja kwa siku kwa wiki 4. Ukibonyeza kopo kwa sekunde mbili hutoka takriban nusu gramu, inayotosha eneo la ukubwa wa kiganja pamoja na vidole, na kwa siku usizidishe gramu 15. Usipake usoni, kwapani wala kwenye kinena, na usikaribie moto, maana gesi yake inashika moto upesi.

Jambo linalonigusa zaidi ni rangi. Kwenye ngozi nyeusi, baka likishalainika na magamba kwisha, doa jeusi au jeupe huweza kubaki kwa miezi kadhaa, na wengi huendelea kupaka wakidhani ugonjwa bado upo. Doa hilo si soriasisi, na steroidi ya ziada haitaliondoa, bali itaikondesha ngozi. Pitisha kidole: kama pamekuwa laini na tambarare, rudi kwa daktari wa ngozi mzungumzie kupunguza hadi mara 2 kwa wiki, katika siku zisizofuatana, ili mabaka yasirudi mapema.