Google Calendar kwa mwanafunzi wa chuo: uzoefu wangu wa mihula miwili

Asaimenti iliyonisukuma kwenye Google Calendar ilikuwa ya takwimu, alama 10. Mfumo wa chuo uliandika mwisho wa kutuma ni Ijumaa, 00:00. Mimi nikaelewa Ijumaa usiku. Alhamisi nikafua, nikapumzika, nikajua kesho nina siku nzima. Asubuhi nafungua mfumo nakuta haupokei tena. 00:00 ya Ijumaa ni ile saa sita ya usiku wa kuamkia Ijumaa. Ingeandikwa hivyo kwa Kiswahili, nisingekosea.

Kwetu kozi weki (asaimenti na testi za muhula) ni alama 40 na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ni 60. Alama 10 zikiondoka kwa kutotuma tu, unaingia kwenye UE ukiikimbilia sapu, yaani mtihani wa marudio. Iliniuma kwa sababu kazi yenyewe niliijua.

Kabla ya hapo nilikuwa na kaunta buku na picha za skrini za matangazo ya CR (mwakilishi wa darasa) kwenye grupu la WhatsApp. Kaunta buku naipenda hadi leo kwa kuandikia notisi, ila haikuamshi. Picha za skrini nazo zinazama katikati ya picha nyingine, na unapozikumbuka tarehe imeshapita.

Muhula uliofuata, Jumamosi ya wiki ya kwanza, nilikaa na mihtasari ya kozi zangu sita nikaingiza kila kitu. Ilinichukua kama saa mbili. Programu ni ya bure, na hata bando likiisha unaiona ratiba yako na unaweza kuongeza kitu. Ukipata intaneti inajipanga yenyewe na kompyuta. Vipindi niliviweka vijirudie kila wiki hadi wiki ya mwisho ya masomo, kila kozi na rangi yake, na jina la ukumbi nikaliandika kwenye sehemu ya mahali. Humo humo nikaingiza tarehe za usajili, kulipia kontroli namba (namba ya malipo ya chuo) na kusaini bumu (pesa ya mkopo ya kujikimu).

Saa ndizo zinazohitaji umakini. Simu niliiweka kwenye mfumo wa saa 24, maana ukisikia "saa mbili" ukaandika 2:00, umejipangia kipindi usiku wa manane. Kisha kwenye jina la kila tukio naandika saa kwa Kiswahili: "Takwimu, saa nane mchana", hata kama pembeni pameandikwa 14:00. Nikiona 23:59 naacha tarehe ilivyo. Nikiona 00:00 narudisha tarehe nyuma siku moja, bila kujadili.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuacha kuandika siku ya mwisho peke yake. Kila asaimenti kubwa ina matukio matatu: siku ya kuanza, kwa kawaida siku kumi kabla, siku ya kumaliza rasimu, na siku ya kutuma, ambayo naiweka jioni ya siku inayotangulia siku ya mwisho. Kama ni ya kuchapa, hapo katikati naongeza siku ya steshenari, kwa sababu siku ya mwisho foleni inafika barabarani na umeme unaweza kukatika ukiwa wa tatu kutoka mbele.

Kikumbusho kimoja kinakuja siku moja kabla na kingine saa mbili kabla. Mwanzoni niliweka vinne nikavizoea, nikawa navifuta bila kusoma. Na kama havikufikii kabisa, angalia sehemu ya kuokoa betri kwenye simu. Yangu ilikuwa imevizima wiki nzima, hadi nilipoiruhusu kalenda ifanye kazi muda wote.

Kwenye kazi za kikundi nilitengeneza kalenda ya pamoja nikawaalika wenzangu wanne. Wawili waliitumia. Wengine wanaishi WhatsApp, na sikuona sababu ya kugombana nao: kila Jumapili jioni napiga picha ya wiki inayokuja naituma kwenye grupu. Inatosha.

Kuna mambo ambayo kalenda haitakufanyia. Mhadhiri akihamisha kipindi asubuhi hiyo hiyo, habari inapita kwa CR, na ni wewe wa kwenda kubadilisha. Testi ya kushtukiza haina tarehe. Na usipotenga ile Jumamosi ya kwanza, hutaipata tena. Wiki ya tano kila mtu anakimbia.

Kwa mihula miwili sijachelewesha asaimenti hata moja. Iliyokaribia ni ya kikundi, tulituma zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Ratiba ya UE imetoka juzi. Mtihani wa kwanza ni 08:00. Nimeshauingiza, na juu yake nimeandika: "saa mbili asubuhi, uwe mlangoni saa moja na nusu."