TAHADHARI: Muuza "seti kamili" ya kontrola ya tangi la matumbawe, usimtumie hela

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu nikijiuliza kama niliandike, maana na mimi nina kosa langu ndani yake na nitalisema hapa hapa. Lakini jana kuna ndugu wa Tanga kaniandikia pembeni, ananiuliza kama namfahamu jamaa fulani anayeuza vifaa vya kujitengenezea kontrola (kifaa kinachosimamia tangi chenyewe), akaambatanisha picha. Meza yenye kitambaa cha miraba ya buluu, bodi katikati, na kidole gumba chenye kucha iliyopasuka kimeshika waya. Nikajua ni yuleyule aliyeniingiza mjini.

Jina silitaji, na hata ningetaka sijui lake la kweli ni lipi. Ukurasa una jina moja, WhatsApp ina jingine, na nilipotuma hela likatokea jina la mwanamke. Nilimuuliza, akajibu, "Hiyo ni laini ya wife, boss wangu, yangu ina shida kidogo." Hapo ndipo ningeachana naye. Sikuachana naye.

Kwa wasionifahamu: nina tangi la lita 220 sebuleni, Dar. Lina matumbawe laini, machache magumu, na samaki sita. (Kabla hamjauliza: sikuyavunja Mbudya wala Bongoyo, kule ni hifadhi ya bahari.) Anayefuga matumbawe mji huu anajua adui yake ni joto. Maji yanatakiwa yakae nyuzi 25 au 26 hivi, na Februari chumba chenyewe kinafika 32 saa nane mchana. Kwa hiyo lazima uwe na chila, mashine ya kupoza maji, na lazima kiwepo kitu kinachosoma joto na kuiwasha chila kwa wakati, usiku na mchana, uwepo usiwepo. Kontrola za kiwandani zinauzwa mamia ya dola kabla hujagusa usafiri na ushuru. Ndiyo maana wengi wetu tunajitengenezea: ESP32 moja (kompyuta ndogo ya bodi), bodi ya relei (swichi zinazoamrishwa na hiyo kompyuta), sensa za joto, elektrodi ya kupima pH, yaani ukali wa asidi ya maji, boya la kuongeza maji yanayopotea kwa mvuke, adapta, na usiku kadhaa wa kuandika programu huku familia imelala.

Jamaa anauza vyote hivyo pamoja, "seti kamili, orijino, mzigo umetoka Ujerumani". Kwangu ilikuwa laki tatu na arobaini. Ningevinunua kimoja kimoja Kariakoo nisingefika hata nusu yake, ila nilijiambia nalipia uorijino.

Mzigo ulikuja. Na hapa nataka mnisome polepole, kwa sababu ujanja wake wote uko hapa. Kila kitu kilifanya kazi. Alinipigia video, akaniambia nichomeke pale pale mezani, relei zikalia ta-ta-ta, joto likasomeka 29.4, pH ikaonyesha 7.0, taa zikawaka. "Umeona kaka? Mimi siuzi kanyaboya." Nikamwambia Mungu akubariki. Masharti yake ni saa 48 za kurudisha, na kuna sentensi moja ameiweka chini kabisa ya ujumbe: kifaa kikishaingia kwenye maji ya chumvi, dhamana imekwisha.

Hebu irudieni hiyo. Anauza sensa za tangi la maji ya bahari, na dhamana inakufa siku unapoziweka kwenye maji ya bahari. Kwenye saa zako 48 huruhusiwi kukipima kitu kwa kazi uliyokinunulia, na ukishakipima si chake tena. Niliisoma nikaona ni kawaida ya wauzaji. Pamoja na elimu yangu ya ufundi!

Siku ya kumi na saba nilikuwa Morogoro kwenye msiba wa shemeji yangu. Mke wangu akanipigia saa kumi jioni: "Mbona maua yako ya baharini yote yamenywea?" Nikamwambia aangalie kipimajoto cha kioo. Nyuzi 31 na nusu. Chila kimya, na simu yangu haijapata ujumbe wowote wa hatari.

Sasa kosa langu. Sensa ya joto ya DS18B20 niliyoifunga ikikatika, maktaba ya programu tunayoitumia wengi inarudisha namba -127 kama alama kwamba haioni sensa. Programu yangu haikuuliza kama namba hiyo ina maana. Iliamini kwamba tangi langu limeganda nyuzi 127 chini ya sifuri, ikaona chila ya nini, ikaizima. Ndiyo hivyo. Wenye programu kama yangu rekebisheni leo: -127 itupwe, na 85 kamili inayotokea mara tu sensa inapopata umeme itupwe pia, maana hiyo ni namba ya kuanzia ya chipu yenyewe. Na sensa isipoonekana kwa dakika chache, chila iwashwe na simu ipigiwe kelele.

Jamaa nilipomlalamikia aliliona tundu hilo haraka kuliko nilivyotarajia. "Kosa ni la programu yako kaka, vifaa vyangu vizima." Nikaona aibu, nikanyamaza siku mbili. Halafu nikachukua koleo nikafungua alichoniuzia.

Sensa kwanza. Ule mrija wa chuma alioniambia haushiki kutu ulikuwa na pete ya kahawia pale ulipobanwa kwenye waya. Nilipoukata, gundi ilikuwa mdomoni tu, kama kofia, na ndani mtupu. Maji ya chumvi yalipita pembeni ya gundi, yakakaa na chipu, na miguu miwili kati ya mitatu ilikuwa imeliwa ikawa unga wa kijani. Sensa nzuri hujazwa gundi mpaka ndani. Kwa nje huwezi kutofautisha, lakini ukiigonga kwa kucha utasikia: yenye gundi inatoa sauti butu, tupu inalia. Na ya pili ambayo haijaingia maji niliisoma namba yake ya utambulisho. Zote huanza na 28, ila za kiwanda chenyewe, ukizihesabu tarakimu mbili mbili, jozi ya sita na ya saba huwa ni sifuri, 00-00. Yangu ilianza 28-FF. Feki. Sensa feki inaweza kupima joto la chumba vizuri tu miaka mitatu, sibishani, lakini nimelipia orijino. Niliitumbukiza kwenye kikombe cha barafu iliyosagwa yenye maji kidogo, mahali ambapo lazima isome sifuri au karibu yake kwa nusu nyuzi. Ilisoma 1.8.

Elektrodi ya pH ilikuja bila maji kwenye kofia yake. Elektrodi mpya husafirishwa kichwa chake kikiwa kimelowa, kwenye kofia yenye maji ya chumvi ya potasiamu, kwa sababu ile bolbu ya kioo ikikauka muda mrefu inakufa au inakuwa nzito kama mtu aliyeamshwa alfajiri. Yangu kofia ilikuwa kavu, na kwenye kioo kulikuwa na mstari mweupe kama wa maji yaliyokupwa. Iliwahi kukaa kwenye maji ya mtu mwingine. Na ile 7.0 iliyonifurahisha kwenye video? Elektrodi iliyokufa husoma 7 popote, kwa sababu haitoi umeme wowote na bodi inachukulia sifuri kuwa ni 7. Sikuwa na maji maalumu ya kupimia pH siku ile, nikaingia jikoni: kikombe cha siki, kikombe cha maji yenye beking soda. Siki inatakiwa ishuke mpaka karibu 3 au chini, beking soda ipande karibu 8.3. Kwangu siki 6.9, beking soda 7.1. Jaribio hilo halizidi dakika tano, unaweza kulifanya mbele ya muuzaji mwenyewe akiwa kwenye video, ndani ya saa zake 48, na wala hujagusa maji ya bahari.

Relei sina mengi. Ni zile za buluu zilizoandikwa 10A 250V, nikafuta maandishi kwa pamba yenye spiriti yakatoka. Njia za shaba upande wa umeme mkubwa zilikuwa nyembamba kama uzi wa kushonea. Hata relei halali ya namna hiyo usiifungie chila moja kwa moja, maana kompresa inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko chake na nyuso za ndani zinaweza kugandana. Mwambie fundi umeme wako akuwekee kontakta, swichi kubwa ya kubeba umeme mwingi, relei iishie kuiamrisha kontakta.

Boya lilikuwa zima. Kitu cha elfu nne.

Kilichonifanya niandike ni adapta. Zaidi ya mara moja, nikiwa nasafisha kioo, nilihisi kitu kikinichonyota mkononi pale nilipokuwa na mchubuko. Nilidhani ni chumvi. Baada ya yote haya nikaweka multimita kati ya maji na ethi, ikanionyesha volti 90 na kitu. Sasa, anayejua atasema hata adapta nzuri inaweza kuonyesha volti za namna hiyo kwenye multimita bila kuwa na nguvu ya kumdhuru mtu, na ni kweli. Ndiyo maana niliifungua. Nyepesi mkononi kama ganda la karanga. Ndani, upande wa umeme wa ukutani na upande wa volti 5 umetenganishwa na nafasi isiyofikia unene wa njiti ya kiberiti, na kati yao, mahali panapotakiwa kapasita maalumu ya usalama, wamepachika kapasita ya kawaida. Hiyo ikipasuka, umeme wa ukutani unaingia kwenye bodi, unapita kwenye waya wa elektrodi ya pH, unaingia kwenye maji. Na kwenye maji kuna mkono wangu, na mara nyingine mkono wa mwanangu wa miaka tisa anayependa kuwalisha samaki.

Nilimtumia picha hiyo. Akajibu kwa sauti, sekunde nane: "Kaka mbona wenzako hawalalamiki." Halafu akanizuia.

Ukurasa ule haupo tena, upo mwingine. Alama zake ni hizi hizi: kitambaa cha miraba, kidole gumba, "mzigo umetoka Ujerumani", video ya sekunde kumi na moja ambayo nimeshaiona kwa wateja watatu tofauti na kwa wote joto ni 29.4. Ukimwomba akutumie video mpya ameshika karatasi yenye tarehe ya leo, atasema yuko barabarani. Ukimwambia utafuata dukani Kariakoo, duka linakuwa limefungwa kwa hesabu. Mimi nilienda. Fremu aliyonitajia ni ya mama anayeuza mapazia, na aliniambia mimi si wa kwanza kuja kuuliza, akanipa na kiti nikae.

Namba zake nimezituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, polisi nimeripoti na nimepewa RB (namba ya taarifa), na vipande vyote nimevitunza kwenye mfuko na tarehe zake. Kama na wewe amekupiga, usivitupe, na usifute mazungumzo hata kama yanakukera. Tukiwa wengi wenye ushahidi unaofanana ni rahisi zaidi kuliko kila mtu na laki tatu zake.

Matumbawe? Magumu yote yamepauka, mawili yameshafunikwa na mwani. Mwaka 1998 bahari yenyewe ilipopata joto, matumbawe ya Kenya mpaka Mafia yalipauka hivyo hivyo, kwa hiyo siyalaumu haya yangu ya sebuleni. Laini yameanza kufunguka asubuhi, kidogo kidogo. Samaki wote sita wapo.

Uliyenunua kwake na seti inafanya kazi vizuri mpaka leo, nakuomba usiku huu huu uitafute adapta: nyeusi, haina jina la kampuni, kibandiko chake kimeandikwa "OUPUT". Zima ukutani kwanza, chomoa, ndipo uingize mkono kwenye maji. Weka nyingine ya kueleweka, na ukiweza mwambie fundi akufungie swichi ile inayokata umeme unapovuja.

Na wewe ndugu yangu wa Tanga uliyesema umeshatuma nusu: usimalizie.