Inner Space ya Sven Libaek: kama unakusanya santuri za chini ya bahari, anza na hii

Wadau wa santuri, kama unakusanya muziki wa zamani wa chini ya bahari (ule uliotungwa kuendana na picha za filamu na TV za chini ya maji) au ndo unataka kuanza, mi nasema tafuta Inner Space ya mtunzi Sven Libaek kabla ya kingine chochote, na ntaeleza kwa urefu kidogo maana huu muziki naupenda mno na kwa Kiswahili sijaona mtu anauandikia.

Kwanza kwa wasioujua huu ulimwengu. Kuna kitu kinaitwa muziki wa maktaba, yaani muziki uliorekodiwa tayari ukisubiri filamu au kipindi cha kuutumia. Uingereza zilikuwepo kampuni kama KPM, Bruton, De Wolfe (hawa wa De Wolfe walianza tangu 1909, enzi za filamu zisizo na sauti), na Ufaransa, Italia na Ujerumani nako kampuni za hivo zilikuwepo. Wanamlipa mtunzi arekodi vipande vifupi ambavyo bado havina filamu yoyote, wanavipiga kwenye santuri, na hizo santuri haziendi dukani kabisa, zinatumwa kwenye TV, redio na kwa watengeneza filamu. Sa mhariri akiwa na picha za samaki na hana pesa ya kuita bendi anavuta santuri kwenye rafu, anasoma nyuma ya kava pale wameandika kila kipande kina hali gani na kina dakika ngapi, anachukua anachotaka, analipa ada, kazi imeisha. Ndo maana kava zake nyingi zinafanana, KPM zile za kijani unazitambua ukiwa mlangoni, Bruton wao walipanga kwa rangi kulingana na aina ya muziki. Na Uingereza chama cha wanamuziki kilikuwa kinaupinga huu muziki kwa muda mrefu kwa hiyo KPM walikuwa wanasafirisha watu kwenda kurekodi Ujerumani na Ubelgiji, yaani wapigaji wakubwa kabisa wa London wanapanda ndege kwenda kupiga vipande ambavyo jina lao halitatajwa popote.

Na usidhani haya mambo hujawahi kuyasikia. Kama una mtoto nyumbani anaangalia katuni ya SpongeBob basi ushasikia muziki wa maktaba masaa na masaa, zile gita za Hawaii na vinanda vya mabaharia vingi vinatoka kwenye maktaba ya APM ya Marekani.

Bahari iliingia humu kwa nguvu kwa sababu ya Jacques Cousteau, mzamiaji na mtengeneza filamu wa Ufaransa. Filamu yake ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes 1956, alafu kuanzia 1968 akawa na kipindi cha TV Marekani, na baada ya hapo kila stesheni ikataka papa na matumbawe yake. Shida ni kwamba kamera za chini ya maji zilikuwa haziokoti sauti ya maana, picha zinakuja bubu, kwa hiyo muziki ndo ulibeba kazi yote, mtazamaji asikie maji wakati hakuna maji yanayosikika. Watunzi wakatumia vaibrafoni (ala ya vipande vya chuma vinavyogongwa kwa vijiti) yenye vile visahani vinavyozunguka ili sauti iwe inatetemeka polepole, filimbi, kinubi, mwangwi wa tepu, na baadae sinthesaiza. Mtunzi Mfaransa Saint-Saëns alishafanya kitu kama hicho 1886 kwenye kile kipande chake cha samaki wa kwenye tangi, lakini hawa wa miaka ya 70 walikuwa na mashine. Na kuna sababu ya kisayansi kwanini mwangwi unafanya kazi: kwenye maji sauti inakimbia karibu mita 1500 kwa sekunde, mara nne zaidi ya hewani, sikio linashindwa kujua inatokea upande gani, unaisikia kama iko kila mahali. Mwangwi mzito unakupa hali hiyohiyo ukiwa umekaa sebuleni.

Haya sasa Libaek. Mnorwe, kazaliwa Oslo 1938, na kabla hata hajajulikana kama mtunzi alikuwa kwenye Windjammer, filamu ya 1958 kuhusu safari ya meli ya matanga Christian Radich, yeye ndo yule kijana anaepiga piano. Baadae akahamia Australia akawa anafanya kazi studio na kutunga muziki wa filamu na TV. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akapewa kazi ya kutungia Inner Space, kipindi cha Ron na Valerie Taylor, wazamiaji wa Australia, msimulizi wake William Shatner yule wa Star Trek. Hao Taylor ndo waliopiga picha za papa wa kweli kwa ajili ya filamu ya Jaws 1975. Na kwa sisi watu wa pwani kuna hili: kwenye filamu ya Blue Water, White Death ya 1971 walikuwemo pia, na safari ya kumtafuta papa mweupe ilianzia Durban ikapita Komoro kabla hawajampata Australia Kusini. Kwa hiyo maji yetu hawa wameyaogelea.

Kwa haki kabisa Inner Space sio santuri ya maktaba, ni muziki wa kipindi kimoja. Ila wakusanyaji wote wanaiweka rafu hiyohiyo, na mi nakubaliana nao, kwa sababu sauti yake ni ileile, na kwa sababu santuri nyingi za maktaba zenye bahari ukizisikiliza mwanzo mpaka mwisho zinachosha, unakuta vipande kumi na kitu, kila kimoja kimeishia pale mhariri alipokihitaji, vingine ni mlio mmoja tu wa sinthesaiza unapanda unashuka. Hii unaweza kuiweka ukakaa nayo.

Kinachonikamata ni vaibrafoni ya John Sangster. Anapiga nota chache, anaziacha zife zenyewe, alafu filimbi ya Don Burrows inapita juu yake kama haina haraka ya kwenda popote, na chini besi inatembea, jazi kamili lakini imelowa maji. Open Sea Theme ni wimbo wa mtu anaeijua bahari asubuhi. Nimekulia pwani na hiki ndo kitu nilikuwa nakitafuta kwenye santuri hizi zote, maana muziki mwingi wa chini ya bahari umetungwa na watu wanaoiogopa, kila kitu ni kiza na hatari na mnyama anakuja, wakati bahari ya kila siku, ya watu wanaotoka na ngalawa alfajiri na akina mama wanaoenda kulima mwani maji yakitoka, haiko hivo muda wote. Libaek ameipa bahari maisha. Hata Shark Attack Theme, ambapo ungetegemea kelele, yeye kaweka besi na ngoma zinazokwenda mbio na juu yake mpangilio msafi kabisa, papa anakuwa mwepesi, mzuri, na hatari yake unaiona kwenye mwendo wake. Music for Eels nayo isikilize kwa spika nzuri, besi yake ikipita kwenye simu unakuwa hujasikia kitu.

Watu wengi, hasa nje ya Australia, walimjua Libaek 2004, mwongozaji Wes Anderson alipoweka muziki huu kwenye filamu yake The Life Aquatic with Steve Zissou. Baada ya hapo lebo ya Trunk ya London ikatoa mkusanyiko wa kazi zake za filamu.

Mapungufu yapo. Vipande ni vifupi, vingine vinakatika pale unapoanza kuzama kweli, na kuna sehemu mpangilio ni mtamu kupita kiasi, ule utamu wa TV ya miaka ile, kama hupendi sukari utaisikia. Mi inanisumbua mara chache tu.

Kuhusu kununua: nakala ya kwanza ya lebo ya Festival achana nayo labda uwe na hela ya kuchezea, bei zake zinatisha na mara nyingi unalipia umaarufu tu. Toleo jipya linatosha kabisa, sauti safi. Ukinunua santuri yoyote ya zamani mtandaoni, Discogs (soko la santuri) au popote, usiridhike na muuzaji kuandika VG+ (yaani hali nzuri sana), muombe picha ya sahani yenyewe chini ya taa, sio kava peke yake. Mimi muuzaji mmoja wa Ulaya alinitumia santuri ya maktaba imefungwa kwenye boksi laini la kawaida, ikafika imepinda mpaka sindano inaruka, kwa hiyo siku hizi naulizia ufungaji kabla sijalipa. Zile za maktaba pia mara nyingi zina mhuri wa redio na namba zimeandikwa kwa kalamu kwenye kava, wengine wanazikataa kwa sababu hiyo, mi nazipenda, inaonyesha ilifanya kazi. Ila angalia uso wa sahani, maana kuna kipande kimoja kitakuwa kimepigwa mpaka kikaisha na vingine havijaguswa kabisa.

Na kwa walioko Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar: unyevu utakula kava kabla ya kitu kingine. Zisimamishe wima, zisiegemee ukuta wa nje, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, na usiache hata moja kwenye gari mchana.

Ukishaipenda hii, inayofuata ni Solar Flares, ya Libaek huyohuyo, ya 1974, na hii ndo santuri ya maktaba halisi, aliitoa kwa kampuni ya Peer. Jina ni la anga na jua lakini zile sinthesaiza zinaelea kwenye maji yaleyale, na kama toleo jipya likitokea kwa bei ya kawaida chukua zote mbili kwa oda moja uokoe hela ya usafirishaji.