Visu vya Mapambo: Kipi Kinapata, Kipi ni cha Picha Tu

Fundi wa kunoa anayepita mtaani kwetu na baiskeli yake hana maneno mengi. Ukimpa kisu anakigonga mgongo kwa ukucha, anakikunja kidogo kwa kidole gumba, ndipo anapanda kupiga pedeli na jiwe linaanza kuzunguka. Siku nilipompa kile chenye picha za matikiti maji alikigonga mara mbili akanitazama.

"Kaka, kunoa nitakunolea. Ila hiki hakina chuma."

Nikamwambia anoe hivyo hivyo. Jiwe lilipogusa tu, rangi ya kijani ikaanza kubanduka kama magamba ya samaki, na chini yake kikatokea kibati chepesi. Jioni kilikata nyanya vizuri kabisa. Siku ya tatu kilikuwa kinazikandamiza hadi zinatoa maji, hazikatiki.

Visu vya namna hii sasa vimejaa, madukani na kwenye simu: vya rangi ya upinde wa mvua, vya umbo la ufunguo, vya kadi ya benki, vya kichwa cha joka, vya "Rambo", majambia ya kutundika ukutani, sime zenye shanga. Sivichukii. Ninavyo kumi na kitu, na nusu yake nilinunua nikijua fika kwamba nanunua sura. Kinachoniuma ni kulipia kisu halafu nikapewa bango.

Kwa hiyo kabla sijavipanga, haya ndiyo ninayoangalia nikiwa bado mbele ya muuzaji.

Naanza na msuka, ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kwenye kisu cha kazi kisichokunjwa, msuka mzuri hufika hadi mwisho wa mpini, na mara nyingi utauona umebanwa katikati ya vipande viwili vya mti au plastiki, ribiti mbili tatu zimepita. Kwenye visu vingi vya sura, msuka ni kijiti kifupi kilichochomekwa kwenye plastiki kwa gundi. Shika mpini kwa mkono mmoja, bana ubapa kwa mwingine, tikisa. Kikicheza hata kidogo, mrudishie mwenyewe.

Pili, natembea na kisumaku, kile cha kubandika kwenye friji kinatosha. Chuma kinachoshika makali hunasa sumaku, hata kama ni kile kisichopata kutu. Kuna chuma cha vijiko kinachoandikwa 18/10, ambacho hakinasi au hunasa kwa mbali sana, na hicho hakigumishwi kwa moto. Kisu cha chuma hicho ukikinoa leo, kesho makali yamelala. Usije ukafurahi mapema, maana hata bati la paa linanasa. Sumaku inakusaidia kukataa, haikusaidii kuchagua. (Visu vya keramiki navyo havinasi, ila hivyo ni vigumu kupita chuma, ubaya wake ni kwamba vikianguka sakafuni vinapasuka, na kinoo cha kawaida havikikubali.)

Tatu, maandishi. Neno la kwamba kisu hakishiki kutu halikuambii lolote kuhusu makali. Tafuta jina la chuma chenyewe. Ukiona 3Cr13, au 420 ya kawaida, jua kaboni yake ni kama asilimia 0.3 tu: kitanoleka upesi na kitakuwa butu upesi. 440C ina kaboni ya karibu asilimia 1, na hiyo inashika makali kwelikweli. Visu vya jikoni vya Kijerumani kwa kawaida huwa kati ya 54 na 58 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell, vya Kijapani vingi hupita 60. Muuzaji wa mtandaoni aliyeandika aya tatu kuhusu joka lililochorwa na hakutaja chuma hata mara moja, amekwisha kukujibu.

Sasa mpangilio wangu, kutoka ninachokinunua bila kusita hadi nisichokitaka nyumbani.

Nafasi ya kwanza ni ya visu vya mfukoni ambavyo mapambo yake yameishia kwenye mpini. Hapo mchoraji amecheza na mhunzi ameachwa afanye kazi yake. Mfano wa wazi ni Victorinox wa Uswisi, kiwanda kilichoanzishwa na Karl Elsener huko Ibach mwaka 1884, ambacho mwaka 1891 kilianza kupeleka visu kwa jeshi la nchi hiyo. Kile kidogo chao, Classic, kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, na hutolewa kwa michoro mingi, ya vyakula, wanyama, miji. Chini ya mchoro kuna kisu kile kile: ubapa mdogo, mkasi, tupa ya kucha, koleo ya kutolea mwiba na kijiti cha meno. Mkasi wake ndio ninaoutumia kila siku. Ubapa wenyewe nautumia kufungulia bahasha na kumenyea chungwa. Bandia zake zipo tele. Kiinue kwenye mwanga: ukiona mwanga unapenya kati ya bamba na bamba, au mkasi ukifunguka hauruki wenyewe kwa springi, si chenyewe.

Ndugu yake ni Opinel wa Ufaransa, anayetengenezwa Savoie tangu 1890. Ni mti, ubapa, na pete ya kuzungusha inayozuia kisu kisijikunje vidoleni. Pete hiyo iliongezwa mwaka 1955. Vipo vilivyochongwa samaki au ndege kwenye mpini, vipo vilivyopakwa rangi. Namba 8, yenye ubapa wa sentimita 8.5, inatosha kwa embe, mkate na nyama ya kuchoma. Angalia tu maandishi kwenye ubapa. Palipoandikwa CARBONE, yaani chuma cha kaboni, kinapata sana lakini kwa hewa yetu ya chumvi ukikilaza na maji usiku mmoja asubuhi unakuta madoa ya kutu. Ukikaa pwani chukua INOX, yaani chuma kisichopata kutu.

Nafasi ya pili naipa sime ya Kimasai, na hapa najua nitabishiwa. Watu wanaiona kama kitu cha watalii, na nyingi kweli ni za watalii. Lakini sime ya kweli, ambayo Wamasai wenyewe huiita olalem, ni chombo cha kazi cha mchungaji: ina makali pande zote mbili, nyembamba karibu na mpini na inapanuka kuelekea nchani, ili uzito uende mbele na ikate matawi bila kutumia nguvu nyingi. Zile nzuri hufuliwa kwa springi za magari, chuma chenye kaboni ya kutosha. Ala yake ni vibamba viwili vya mti vilivyovikwa ngozi iliyotiwa rangi nyekundu.

Ya duka la zawadi utaitambua kwa mambo matatu. Inang'aa kama kijiko. Unene wake ni mmoja tangu mpinini hadi nchani, kwa sababu imekatwa kwenye bati na haikufuliwa. Na ukiikunja kidogo kwa mikono inabaki imepinda, wakati ya springi inarudi yenyewe. Niliyo nayo ina madoadoa meusi na alama za nyundo, mpini wake umezungushiwa ngozi ambayo imekwisha kuwa nyeusi kwa mkono, na inafyeka majani ya ua wangu kuliko panga la dukani. Shanga kwenye ala sizihesabu, wala usikubali kuongezewa bei kwa ajili yake. Kosa lake ni kutu. Ipake mafuta, ya kula au ya cherehani, kila ukimaliza kazi, na usiirudishe kwenye ala ikiwa na unyevu.

Ya tatu ni kisu cha keki ya harusi, mnisamehe. Kile chenye utepe, maua na majina ya maharusi kwenye mpini. Kwa kazi yake, ambayo ni kushikwa na mikono miwili huku mpiga picha akisema subirini kidogo, kinafaa kabisa hata kikiwa butu, na pengine ni heri kiwe butu. Uwe mrefu tu ubapa, na uzito wake usilalie upande mmoja. Kama kamati bado haijamaliza bajeti, azimeni.

Ya nne ni jambia, na ningeliweka juu zaidi kama lingenunuliwa kwa nia yake. Oman, ambako huitwa khanjari, limo kwenye nembo ya taifa pamoja na panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 ufundi na desturi zake viliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Kwa historia yetu na Maskati, si ajabu kulikuta Unguja na Mombasa likiwa ndani ya kabati la babu wa mtu. Ila hakuna anayelinunua akamenyee viazi. Thamani yake iko kwenye mpini, fedha ya ala, na kazi ya mkono kwenye ukanda. Ubapa huja mwisho. Kwa hiyo vipimo vyangu vya juu hapa vinageuka. Tazama nakshi kwa karibu: ya mkono haifanani kila sehemu, ya kumiminwa kwenye kalibu inajirudia na ina vitundu vidogo vya hewa. Fedha hainasi sumaku, ila hata zinki hainasi, hivyo usidanganyike na muuzaji anayekuonyesha sumaku kwa mbwembwe. Akikuambia mpini ni wa pembe ya kifaru, ama anakudanganya, ama anakuingiza kwenye kesi: biashara ya kimataifa ya pembe hizo imepigwa marufuku tangu 1977 na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mpini wa msandali unanukia vizuri na haukupeleki mahakamani.

Seti za matunda, kama ile yangu ya matikiti, nazipa ya tano. Ni bei ndogo, zinakuja na vifuniko, na kwa mwanafunzi wa hosteli zinamtosha muhula mmoja. Lakini rangi ikae kwenye mpini. Ikiwa kwenye ubapa, kila ukinoa itabanduka, na itaishia kwenye kachumbari. Rangi ya mpini ina faida hata kwenye majiko makubwa: kwa utaratibu unaotumika sana Uingereza, nyekundu ni ya nyama mbichi, buluu ya samaki, njano ya nyama iliyopikwa, kijani ya saladi na matunda. Nyumbani kwangu ni viwili tu, nyekundu na kijani, na msichana wa kazi na mimi tumeacha kugombana.

Baada ya hapo tunashuka mlima. Visu vya "Damaski" vya bei ya chini ni vya sita. Damaski inayouzwa siku hizi hupatikana kwa kuunganisha vyuma vya aina mbili kwa moto na nyundo, kuvikunja, kisha kuvichovya kwenye asidi ili mistari itokee. Wazirabad huko Pakistani wanatengeneza vingi. Ya uongo ni chuma kimoja kilichochorwa mawimbi kwa leza. Kitazame mgongo: mistari ya kweli inapanda inapita juu ya mgongo, ya kuchorwa inakoma kwenye ukingo wa ubapa. Na wimbi likijirudia sawasawa kila sentimita chache, hiyo ni stempu.

Kisu cha kadi ya benki, cha saba. Kinaingia kwenye pochi na hapo ndipo shida yake ilipo, kwa kuwa unakisahau. Changu kilinikumbusha kwamba kipo nikiwa mbele ya mashine ya uwanja wa ndege, ofisa akikifungua na kukikunja kwa furaha kuliko mimi nilivyowahi. Sikurudishiwa. Ubapa wake ni mwembamba na kizuizi chake ni plastiki. Kikibonyea huku unakata kamba, kinakuja vidoleni.

Cha nane ni cha Rambo, chenye msumeno mgongoni, dira kwenye kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini kiberiti na ndoana. Ili ndoana zikae lazima mpini uwe wazi, na mpini ukiwa wazi msuka hauna pa kukaa. Nilikipeleka Bagamoyo kufungulia madafu. Pigo la tatu ubapa ukabaki ndani ya dafu, mimi nimeshika mpini uliojaa viberiti. Dira nayo ilikuwa inaonyesha kwamba kaskazini ni pale kilipo kisu chenyewe.

Cha mwisho ni vile vya "zombi" na ndugu zake wa kwenye katuni: miiba mgongoni, matundu kwenye ubapa, ncha tatu, rangi ya damu. Huwezi kukinoa kwa sababu ya mapengo, huwezi kukitia kwenye ala bila kukwama, na kila mwiba ni mahali pa kukuchanjia kiganja. Waliopo Uingereza na Wales wana sababu kubwa zaidi ya kukiacha. Tangu tarehe 24 Septemba 2024, kisu chenye ubapa wa zaidi ya inchi 8, makali na ncha, kikiwa pia na miiba, matundu zaidi ya moja, ncha zaidi ya mbili au meno ya msumeno yanayokwenda mbali na mpini, ni marufuku, na ni kosa hata kukiweka nyumbani. Mpwa akikuomba umnunulie kimoja umtumie huko kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, mtumie Classic yenye picha ya pizza.