Miaka tisa na difibrileta ya kupandikizwa: tathmini ya mtumiaji

Nilipandikizwa difibrileta, yaani kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme mapigo yake yanapoharibika, miaka tisa iliyopita, baada ya moyo wangu kusimama ghafla na watu waliokuwa karibu kunikandamiza kifua mpaka msaada ulipofika. Kifaa cha kwanza kilitolewa mwaka jana betri yake ilipokaribia kwisha, nami niliomba nionyeshwe kabla hakijapelekwa. Kilikuwa kibati cha titani kinachoenea kiganjani, chenye mikwaruzo midogo pembeni, na humo ndani mlikuwa na uwezo wa kukusanya umeme wa takriban jouli 40 kwa sekunde chache tu.

Waya uliopitishwa ndani ya mshipa hadi chumba cha chini cha kulia cha moyo hufuatilia kila pigo. Vyumba vya chini vikianza kutetemeka ovyo badala ya kusukuma damu, kifaa hujichaji na kutoa mshtuko. Mapigo yakiwa ya kasi lakini yenye mpangilio, mara nyingi hutanguliza mipigo midogo ya haraka ya umeme ambayo mgonjwa huenda asiihisi kabisa. Kwa kazi hiyo sina lawama hata moja, kwani imeniokoa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa peke yangu nyumbani.

Je, kinarefusha maisha kwa kiasi gani? Utafiti wa AVID, uliochapishwa mwaka 1997, ulihusisha watu 1,016 walionusurika hitilafu hatari za mapigo, baadhi yao baada ya moyo kusimama. Miaka mitatu baadaye, asilimia 75 ya waliopandikizwa kifaa walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 64 ya waliotibiwa kwa dawa za kutuliza mapigo, hasa amiodaroni. Matokeo hayo yalipojumuishwa na ya tafiti nyingine mbili mwaka 2000, vifo vyote vilionekana kupungua kwa asilimia 28, na vile vya hitilafu ya mapigo kwa nusu, huku wenye moyo uliodhoofika sana wakinufaika zaidi. Hata hivyo, wastani wa maisha yaliyoongezeka katika miaka sita ulikuwa miezi minne na kidogo. Takwimu hiyo ilinivunja moyo nilipoisoma mara ya kwanza, hadi nilipotambua kwamba wastani huwachanganya ambao hawakuwahi kuhitaji mshtuko na wale ambao, kama mimi, kila siku waliyoongezewa imetokana na mshtuko huo.

Kasoro kubwa niliyoipata ni mshtuko usiostahili. Nilikuwa napanda ngazi, vyumba vya juu vya moyo vikaanza kwenda mbio, kifaa kikadhani ni hatari, nami nikapigwa nikiwa na fahamu zangu zote. Ni kama nyundo inayogonga kifua kutoka ndani. Kwa miezi kadhaa nilisimama chini ya ngazi nikiuhesabu moyo wangu kabla ya kuinua mguu. Baadaye mipangilio ilibadilishwa ili kifaa kisubiri kidogo na kishughulikie mapigo ya kasi kubwa zaidi tu, jambo ambalo lilistahili kufanywa mapema, kwa sababu utafiti wa MADIT-RIT wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba mipangilio ya namna hiyo hupunguza mishtuko isiyostahili na vifo pia. Yeyote anayepandikizwa leo aulize kifaa chake kimepangwa kuanza kushughulikia mapigo mangapi kwa dakika.

Waya ndio sehemu dhaifu zaidi. Huweza kukatika au kuambukizwa, na kila ubadilishaji wa betri hufungua upya mlango wa maambukizi. Ipo aina ambayo waya wake hupita chini ya ngozi bila kuingia moyoni, ingawa haiwezi kuuongoza moyo unaopiga polepole kwa muda mrefu.

Kifaa hakiutibu moyo, hivyo dawa zangu sijaziacha hata siku moja.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza mwanzoni ni kwamba sehemu ya mshtuko inaweza kuzimwa bila upasuaji, mgonjwa anapofikia mwisho wa maisha, ili asipigwe akiwa anakata roho. Nililifahamu katika mwaka wa saba. Matakwa yangu nimeyaandika, na karatasi hiyo naiweka pamoja na kadi ya kifaa, mahali ambapo familia yangu inapajua.