Kijiwe cha kahawa Ngamiani, kahawa safi ila shikeni vikombe vyenu

Wakuu kama mko Tanga na jioni hamna pa kwenda basi ingieni Ngamiani, kuna mzee anauza kahawa kwenye kibaraza. Kahawa yake nzito, tangawizi kwa mbaali, inatoka kwenye dele ikiwa inaunguza ulimi. Kashata juzi zilikuwa laini zinavunjikia mkononi, hapo sijapenda.

Ila nani anaenda pale kwa kashata bwana, tunafata stori. Juzi dogo mmoja kaanza oh nchi ikiwa na nyuklia haichezewi, sasa hao walioacha walirogwa? Mzee akamwambia tulia mwanangu, akapanga vikombe 6 vya wateja kwenye benchi na cha saba akakijaza nusu. Haya, haya ni mabomu ya nyuklia ya Makaburu wa Afrika Kusini, 6 kamili na moja halijaisha. Dunia imewatenga, askari wa Cuba wako Angola, usingizi hawapati, ndo wakatengeneza kimyakimya. 1988 wakakubaliana Wacuba waondoke, 1990 Namibia ikawa huru, hofu yenyewe ikayeyuka. Akaanza kumwaga kimoja kimoja mtaroni huku tunamwangalia, mpaka 1993 rais wao de Klerk anasimama bungeni kutangaza kumbe yameshavunjwa yote. Na wengi wanasema hawakutaka kuyaacha mikononi mwa Mandela na wenzake, akaongeza, kijiwe kizima kikaguna.

Dogo hakukubali, akamtupia Gaddafi wa Libya, kaachia mpango wake wa nyuklia 2003 na 2011 kauawa, na Ukraine iliyosaini makubaliano ya Budapest 1994 kuachia mabomu yake halafu 2014 Crimea ikachukuliwa na Urusi. Mzee akasema Gaddafi hakuwa na bomu hata moja, mashine zingine za kutengenezea zilikuwa bado kwenye makasha, na vikwazo vilishamkaba koo. Ukraine nayo mabomu ya Sovieti yalikuwa kwake ila kuyafyatua mpaka Moscow waruhusu, kuyatunza nako hela, na wao walikuwa hoi. Dogo akauliza sasa leo hawajuti? Mzee akachochea mkaa wee, hakujibu. Mimi hapo nilikuwa upande wa dogo.

Huduma nawapa nyota 4. Hiyo moja nimeikata kwa sababu kati ya yale mabomu mawili yalikuwa kahawa yangu na nimeyalipa, eti yalishamiminwa. Nendeni baada ya magharibi, na mkimuona anaanza kupanga vikombe kwenye benchi kunyweni chapchap.