GarageBand kwa mlio wa iPhone: kazi inafanyika, ila inakuzungusha

Kwenye Android unatupia MP3 kwenye folda ya Ringtones, basi. Kwenye iPhone, njia mojawapo ya bure isiyohitaji kompyuta ni GarageBand ya Apple: studio nzima ya muziki, unaipakua ili ukate sekunde chache za wimbo. Ni programu nzito, kwa hiyo kama simu imejaa picha na video, futa kwanza.

Wimbo uwe umehifadhiwa kwenye Files, programu ya faili ya iPhone. Fungua GarageBand, chagua Audio Recorder, kisha gusa kitufe cha juu chenye umbo la matofali. Zima metronomu, ule mlio wa kuhesabia mapigo: haiingii kwenye mlio, lakini inaudhi. Gusa alama ya kitanzi, ingia Files, shikilia wimbo na uuburute hadi mwanzo kabisa wa mstari. Ukiacha pengo kushoto, simu itaanza kuita kimya, na mpigaji anaweza kukata kabla hujasikia chochote.

Kinachowachanganya wengi ni kuona wimbo umeingia nusu. GarageBand haihesabu sekunde, inahesabu ba, yaani mafungu ya mapigo ya muziki, na kazi mpya huanza na ba 8. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne kila ba, hizo ni sekunde 16 tu. Gusa alama ya kujumlisha juu kulia, uweke ba 15: hapo unapata sekunde 30, ambazo ndizo kikomo cha mlio. Ukitaka kiitikio kilichoko katikati ya wimbo, washa Automatic humohumo kabla ya kuuburuta, wimbo uingie wote. Kisha vuta ncha ya kushoto hadi kiitikio kinapoanzia, na usogeze kipande chenyewe mwanzoni.

Chagua penye sauti ya mwimbaji au ala kali. Besi haisikiki vizuri kwenye spika ndogo ya simu iliyo mfukoni. Na taarabu usiianzie mwanzo, utangulizi wa ala peke yake unaweza kumaliza sekunde zote.

Ukishakata, rudi My Songs, shikilia jina la kazi yako, gusa Share, Ringtone, andika jina, Export. Usitoke kwenye programu hadi imalize, la sivyo inakatika. Kisha Use sound as: uwe mlio wa simu zote, wa meseji, au wa mtu mmoja uliyemhifadhi.

Nyimbo za Apple Music unazosikiliza kwa malipo ya mwezi zimefungwa, haziingii. Tumia faili uliyoinunua au uliyorekodi mwenyewe.

Kwa wenye iOS 26, toleo la mfumo wa iPhone, kuna njia fupi: faili ya MP3 au M4A isiyofika sekunde 30 unaigeuza mlio palepale Files, kupitia Share. Kama kipande chako kimeshakatwa, huna haja ya GarageBand. Kama bado ni wimbo mzima, mimi bado naikatia humo, kwa sababu unaona mawimbi ya sauti na kujua hasa neno linaanzia wapi.